Kwa Mwanangu Anayedhani Hana Mlango

Mwanangu,

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua utacheka, kwa sababu mchezo huu ulinifundisha wewe. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, ukirudi kutoka karakana ulikuwa unasimama kizingitini, unavua kofia na kusema, "Shikamoo mama." Nikichelewa kujibu ulibaki umesimama pale pale mpaka niseme, "Marahaba mwanangu, umeshindaje?" Wageni walikuwa wanashangaa, nawe unawaeleza kwamba huyu si mtoto, huyu ni mama yako Eliamani ameota meno mapya. Ndivyo tunavyofanya sisi Wameru: binti wa kwanza anabeba jina la mama wa baba yake, na baba anamheshimu zaidi kidogo ya anavyostahili mtoto.

Leo naiomba heshima hiyo yote kwa mkupuo mmoja. Ninachotaka kukuambia, binti wa miaka kumi na saba hawezi kumwambia baba yake. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Jumatatu nilikufuata mpaka bandani, ukaniuliza nataka nini, nikasema nimekuja kuangalia kama ndama amekunywa maji. Ukasema, "Ndama si tulimuuza mwezi wa nne?" Nikarudi ndani. Jumanne nilifika mpaka karibu na kiti chako, nikakuuliza Kigoma kuna baridi kama hapa. Basi naandika. Mdomo wangu unaniangusha, lakini kalamu huwa haina haya.

Ni Alhamisi mchana. Umekwenda karakana, Ngarenaro, kuchukua grainda yako ya kukatia vyuma na kuwaaga wenzako. Mama yupo uani anaosha maharage. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na mlima hauonekani kabisa. Kesho saa sita mchana gari la mradi litakupitia barabara kuu, na utakuwa Kigoma, mbali nasi, mwaka mmoja na nusu ukichomelea vyuma vya daraja. Barua hii nitaiingiza kwenye glavu yako ya kuchomelea ya mkono wa kulia, kwa sababu ni kitu pekee ambacho nina hakika utakifunga jioni hii kwa mikono yako mwenyewe. Habari za sweta, dawa ya mbu na kupiga simu Jumapili sitaziandika. Mama ameshazisema.

Jambo lenyewe ni hili: unaondoka ukiamini kitu ambacho si kweli, na aliyekuaminisha ni mimi.

Wiki iliyopita ulinipigia simu nikuletee chakula karakana. Nilifika nimebeba hotipoti ya makande, nikasimama nyuma ya lile geti kubwa ambalo halijapakwa rangi, kwa sababu niliwasikia mnacheka na nikaona aibu kuingia katikati ya kicheko cha wanaume. Baba Glory ndiye aliyekuwa anasema.

"Baba Eliamani, mwaka na nusu! Huendi na mama?"

"Nani atabaki na ng'ombe?"

"Sasa huko utapikiwa na nani? Wewe hata chai unaunguza."

"Watapatikana," ukasema, na wote wakapiga makofi.

"Angalia sana. Kambi za ujenzi nazijua mimi. Mtu anaenda na begi moja, anarudi na ugonjwa."

"Utanipitia wapi?" Ulisema kwa sauti ya kujigamba ile unayotumia ukimaliza kazi ngumu. "Mimi sina mlango. Muulizeni mwanangu, msomi. Kuna watu seli zao hazina mlango."

"Eti fundi mageti hana mlango!" Baba Glory akapiga kelele. "Muoneni! Mji mzima amewafungia mageti, kwake ukuta mtupu!"

Nilimpa hotipoti yule kijana anayepaka rangi, nikaondoka bila kukuamkia. Jioni ulipouliza nikakuambia nilikuwa nawahi gari. Nilikudanganya. Nilishuka mpaka stendi kwa miguu nikisikia neno "msomi" kila hatua.

Sijui ulimaanisha nini uliposema watapatikana. Huenda ulikuwa unatania tu, kama mnavyotaniana siku zote. Sikuulizi, wala sitaki kujibiwa. Nataka tu kuondoa uongo wangu kwenye mizigo yako kabla haijapakiwa.

Nitaandika hata yale unayoyajua, kwa sababu katika nyumba yetu hatujawahi kuyapanga kwenye sentensi moja. Miaka kumi na moja iliyopita mama alikuwa na mimba ya Samweli, mkaenda kliniki pamoja, mkapimwa wote wawili. Yeye alikutwa na virusi vya UKIMWI. Wewe hukukutwa navyo. Mimi nilipimwa, na Samweli alipimwa alipozaliwa na baadaye tena, na sisi sote wawili hatuna. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni kwamba mlirudi mkitembea mmoja mbele na mwingine nyuma, na wewe ndiye uliyebeba mkoba wa mama, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba wengine wangeondoka wiki hiyo. Wewe ulikata mgomba, ukawalisha ng'ombe, ukakaa kwenye kiti chako. Nimekuheshimu kwa hilo tangu nilipoambiwa habari yenyewe, na sijawahi kukuambia.

Kisha nikaingia sekondari, nikaanza kusoma kila kitu kilichoandikwa juu ya huyu mdudu aliyeingia kwetu bila kualikwa. Nilitaka kumjua kama mtu anavyotaka kumjua mwizi aliyemwibia: alipita wapi, alishika nini kwanza, kwa nini mbwa hakubweka. Nikiwa Kidato cha Pili, kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, nikakuta habari kwamba virusi hivi haviwezi kuingia kwenye seli yoyote viitakayo. Vinahitaji seli yenye shikio fulani na komeo fulani juu ya ngozi yake. Na kuna watu wachache duniani waliozaliwa bila lile komeo. Kirusi kinafika, kinashika shikio, kinapapasa, kinakosa pa kuendelea.

Nilisoma mpaka hapo, kengele ya kwenda nyumbani ikalia.

Unaukumbuka ule usiku vizuri kuliko mimi. Tulikuwa tunakula ndizi. Nikaropoka yote kwa pumzi moja, mimi ambaye huwa siongei mezani, nikamalizia, "Baba, labda wewe ni mmoja wao!" Ukaweka kijiko chini. Ukaniuliza maswali matatu mfululizo, wewe ambaye hukuwahi kulitaja neno UKIMWI ndani ya nyumba hii. Halafu ukasimama, ukajipiga kifua, ukasema, "Sikieni! Mlango wangu nilishauchomelea mwenyewe!" Mama akacheka mpaka akashika meza. Nililala nikijisikia kama mtu aliyeleta zawadi nyumbani.

Nilisema "labda". Wewe uliliacha mezani lile neno, nami sikukukumbusha kulichukua. Tangu siku ile hujaenda tena kupima. Tarehe ya mama ikifika unasema, "Mimi niende kufanya nini? Sina mlango." Imekuwa miaka miwili.

Mwaka uliofuata nilimwendea Madam wetu wa biolojia baada ya kipindi. Nilisubiri wote watoke.

"Madam, mtu asiye na lile komeo anaweza kujijuaje?"

"Kipimo chake kipo, ila si cha hapa kliniki zetu. Huyo mtu anatokea wapi?"

"Hapa hapa Meru."

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. "Eliamani, ulisoma mpaka mwisho?"

Akanipeleka maktaba, tukaitafuta habari ile, akanikalisha niimalize mbele yake. Hali ile ya kukosa komeo inapatikana hasa kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Hata huko ni wachache, kwa sababu lazima mtu airithi kwa baba na kwa mama pia. Kwetu Waafrika ni nadra mno. Na hata aliyekosa komeo hilo hana kinga kamili, kwa sababu vipo virusi vya jamii hiyo hiyo vinavyotumia komeo jingine. Yote hayo yalikuwa chini ya pale nilipoishia. Ningesogeza ukurasa kidogo tu.

Nilirudi nyumbani nimeshika ukweli, nikakukuta unamwelezea Samweli jinsi damu yako ilivyo ngumu. Nikakaa kimya. Hilo ndilo kosa langu lenyewe, mwanangu. La kwanza lilikuwa la haraka, na mtu husamehewa haraka. Hili la pili nililifanya kila siku, kwa mwaka mzima, nikiwa na akili zangu. Nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa unanitaja. Hakuna aliyewahi kunitaja kwa wanaume wa karakana. Nilipenda kuwa msomi kuliko nilivyopenda uwe salama, na nimegundua kwamba mtu mwenye haya kama mimi anaweza kudanganya muda mrefu sana bila kufungua mdomo.

Sasa nikueleze vizuri, kwa ufundi wako. Madam alinichorea, nikaelewa nusu. Nusu nyingine niliielewa siku ile nilipokuja karakana nikakuangalia unaunganisha mabomba ya tangi la maji.

Seli ina ngozi nyembamba ya mafuta. Kirusi nacho kina ngozi ya mafuta, tena kimeiiba kwenye seli kilikotokea. Juu ya ngozi yake kimeota miiba michache. Kwenye baadhi ya seli nyeupe za damu, hasa zile zinazoamuru kinga ya mwili, kuna protini inayoitwa CD4. Hiyo ndiyo shikio. Seli haikuiweka kwa ajili ya kirusi. Inaitumia kuzungumza na seli nyingine. Mwiba wa kirusi unalikamata shikio hilo, na kwa kule kulikamata tu mwiba wenyewe unajipinda na kufunua sehemu iliyokuwa imefichwa. Sehemu hiyo ndiyo inayotafuta komeo, ambalo jina lake ni CCR5. Kwa hiyo si ufunguo na kufuli kama nilivyodhani. Ufunguo haubadiliki ukiingia kwenye kufuli. Huu unabadilika kila hatua, kama mkono unaokunjuka.

Mwiba ukishapata vyote viwili, sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipoacha kula biskuti zangu maktaba: kutoka ndani ya mwiba unachomoka mshale, unajichoma kwenye ngozi ya seli. Halafu mwiba unajikunja katikati, unavuta. Ngozi ya kirusi na ngozi ya seli zinasogezwa mpaka zigusane. Na hapo zinachomelewa. Zinakuwa ngozi moja, kama mabomba yako mawili yanavyokuwa bomba moja, na kilichokuwa ndani ya hili kinapita ndani ya lile. Nilidhani kirusi kinavunja. Hakivunji chochote. Ndiyo maana mbwa hakubweka.

Mtu akijua hatua zote hizo hawezi kukaa bila kujiuliza: ungezuia wapi? Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba chuma chenye rangi au kutu hakishiki, kisafishwe kwanza. Watafiti wanatafuta hiyo rangi na hiyo kutu. Ipo dawa inayokaa juu ya komeo na kulipinda, ili mwiba ukifika usilitambue. Ipo dawa inayojibandika kwenye mwiba wakati unapotaka kujikunja, kama mtu aliyeweka kipande cha mbao kwenye jiliwa lako la kubania vyuma, ukaze usikaze, vyuma havigusani. Wengine wanatengeneza kingamwili za kuishika ile miiba kabla haijashika kitu. Hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu miiba imejifunika sukari. Sukari kweli, baba, ya aina ile ile iliyo kwenye seli zetu, hivyo kinga ya mwili ikiiona inadhani ni ya kwetu. Na juu ya hilo kirusi kinabadilisha sura kila kukicha. Ndiyo sababu chanjo haijapatikana mpaka leo, na ndiyo sababu ningependa siku moja niwe kwenye chumba wanachoitafutia.

Na ipo sindano ambayo mtu asiye na virusi anachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Hiyo haigusi mlango. Inasubiri ndani. Kirusi kikishaingia, vitu vyake vimebebwa kwenye ganda dogo linalotakiwa kulainika mahali fulani na kufunguka mahali fulani. Dawa inalikakamaza lile ganda, mwenye mzigo anabaki na mzigo wake. Nilisoma habari hiyo mara tatu, na mara hii nilisoma mpaka chini kabisa.

Sasa jambo ninalotaka ulishike hata ukisahau yote. Vidonge vya mama havihusiani na mlango wako. Vinakizuia kirusi kisijinakili ndani ya mwili wake. Vinapomezwa kila siku bila kuruka, virusi vinabaki vichache kiasi kwamba kipimo hakivioni, na mtu wa hivyo hamwambukizi mwenziwe kitandani. Hilo si labda. Muuguzi aliwaambia ninyi wawili, mama anakumbuka, wewe ulikuwa unaangalia nje. Kwa hiyo miaka yote hii kirusi hakijafika kwenye seli zako kikapapasa kikakosa mlango. Hakijafika kabisa. Kilizuiwa kwa mama. Wewe una mlango kama watu wote, na mbele ya mlango huo mtu mmoja amesimama kila siku akimeza kidonge, tangu mimi niko darasa la kwanza.

Kigoma hatakuwepo.

Kuna kosa jingine ninalopaswa kulisema, na hili nimelirithi pamoja na jina. Mlipotoka kliniki mwaka ule, bibi alichukua kikombe cha mama, kile cha bati la buluu, akapigilia msumari karibu na mlango wa jiko akakitundika peke yake. Hakuwa mbaya. Kila asubuhi alimjazia maziwa ya kwanza katika kikombe hicho hicho, na mama anasema hayakuwahi kupungua. Lakini aliogopa, na hakuna aliyemwambia kwamba kikombe hakina CD4. Kirusi hakina cha kushika kwenye bati, wala kwenye sahani, wala kwenye mkono unaosalimiana nao. Bibi alifariki miaka minne iliyopita na msumari ukabaki, na kila kikishaoshwa kikombe kilirudishwa kwenye msumari, na hakuna kati yetu aliyeung'oa, hata mimi niliyekuwa nasoma vitabu vyote hivyo.

Kama mimi ni mama yako, basi ni mimi niliyeupigilia ule msumari. Eliamani aliupigilia, Eliamani anaomba radhi. Nilikufundisha, mwanangu, kumwogopa mke wako kwa kitu ambacho hakikuwepo. Ukakaa naye ukimwogopa miaka tisa, halafu nikaja tena na meno mapya nikakufundisha kutoogopa kitu ambacho kipo. Mara mbili nimekupa ramani mbovu.

Leo asubuhi nilikaa na mama kwenye mkeka tukichagua maharage. Sikutaka kukuandikia bila yeye kujua, kwa sababu habari hii ni yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

"Mama, nataka kumwambia baba kuhusu mlango."

"Mlango gani?"

"Ule wa seli. Kwamba hana... yaani, kwamba anao."

Hakuinua kichwa. "Anao. Najua. Nesi alishaniambia siku nyingi."

"Unajua? Mbona humwambii?"

Akatupa kokoto kwenye majani. "Unaikumbuka siku uliyoleta hiyo habari? Mlivyoenda kulala, mimi nikabaki namimina chai ya mwisho. Baba yako akanyanyuka, akaenda pale kwenye msumari, akachukua kikombe changu akanywea. Akamaliza, akakiweka mezani. Miaka tisa, Eliamani. Nilikitazama pale mezani nikasema moyoni, basi, mwache awe hana mlango."

Maharage yote yalikuwa yameshakuwa safi, tukaendelea kuyachagua.

"Ukimwambia halafu akarudi kuniogopa," mama akasema, "ni wewe utakayemrudisha kwangu?"

"Anaenda Kigoma, mama."

Akapepeta ungo mara moja, akasema, "Mwambie. Ila mwambie yote. Usimpe nusu tena."

Ndiyo maana barua imekuwa ndefu hivi. Nusu ya kwanza ni kwamba una mlango, na ukiishikilia peke yake utarudi kwenye woga. Nusu ya pili ni kwamba humhitaji mama awe mbali ili uwe salama. Salama yako imetoka kwake. Ulipokunywa kwenye kikombe kile ulikuwa sahihi kabisa, ila kwa sababu isiyo sahihi. Naomba ubadilishe sababu, kitendo ukibakize.

Na sasa yale ambayo binti hawezi. Naandika haraka kabla haya haijanirudia. Huko uendako, kama yupo mtu au hayupo, si kazi yangu. Lakini usimwendee yeyote ukiwa na maneno yangu ya Kidato cha Pili kama silaha. Kondomu zipo. Nimeliandika neno hilo na limeandikika vibaya, lakini linasomeka. Vipo pia vidonge vya kumkinga mtu ambaye hana virusi, navyo vinatolewa kliniki. Uliza. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka kwamba kuna mtu mwenye aibu kuliko wewe aliyeandika barua hii yote.

Ombi langu ni moja. Tarehe ya mama ya kuchukua dawa ni kesho. Hakukuambia, alipanga kuisogeza mpaka Jumatatu ili asiharibu siku yako ya kuondoka. Kliniki inafunguliwa asubuhi na gari lako ni saa sita, muda upo. Nenda naye. Mizigo nitaifunga mimi na Samweli. Ukae naye kwenye lile benchi mbele ya watu, uingie naye chumbani, upimwe.

Sijui kipimo kitasema nini. Kwa niliyoyasoma nina matumaini makubwa, lakini nimeshaacha kukuahidi vitu vya mwili wako. Najua tu kwamba muuguzi ataangalia kadi ya mama, ataangalia na majibu yako, na kama ni yale tunayoyaombea, huenda akashangaa jinsi mlivyokaa miaka kumi na moja. Huenda akauliza mmefanyaje.

Hapo, mwanangu, usijipige kifua. Mnyooshee mama kidole.

Eliamani